UZI: Modeli ya kutabiri udongo unaodidimia ukilowa (Lubumbashi). Je, mchoro wa SHAP unatosha?

#1 Bulongo_Mwekundu

Jambo yenu wote.

Tunaandaa modeli ya kutabiri udongo unaodidimia ghafla maji yanapouingia, kwa ajili ya viwanja vya pembezoni mwa Lubumbashi: njia ya Kasapa, upande wa Ruashi, na Annexe ambako nyumba zinapanda kila mwezi. Tunataka injenia anayeisoma aelewe kwa nini imetoa jibu fulani, si kupewa namba tu.

Jedwali lina kina, unyevu asilia, densiti kavu, uwiano wa matundu, asilimia za mchanga, silti na mfinyanzi, kikomo cha umajimaji (unyevu ambao udongo unaanza kuwa uji), fahirisi ya plastisiti, mgandamizo wakati wa kumwagia maji, na mwishoni asilimia ya kudidimia. Mistari mingi imetoka kwenye makala zilizochapishwa, hasa za lesi, ule udongo wa vumbi la upepo, kutoka China na Iran. Ya Katanga ni michache.

Tumetumia XGBoost (miti mingi ya maamuzi inayosahihishana), mgawanyo wa 80 ya mafunzo kwa 20 ya mtihani, na R² ni 0,94 (1 ni kutabiri bila kosa). SHAP, njia inayoonyesha kila safuwima imechangia kiasi gani kwenye jibu, inaweka unyevu juu kabisa, halafu densiti kavu, halafu uwiano wa matundu. Mfinyanzi uko mkiani.

Maswali mawili. Mpangilio huo wa SHAP tuuamini kwa udongo wetu? Na je, tubaki na XGBoost au twende kwenye modeli inayosomeka yenyewe?

#2 Kasapa_Data

Aksanti mdogo wangu kwa kueleza yote waziwazi, inarahisisha kujibu.

Hiyo 0,94 msiitangaze bado. Makala nyingi hupima bloku moja ya udongo kwa migandamizo kadhaa, tuseme 50, 100, 200 na 400 kPa. Kwenye jedwali lenu hiyo ni mistari minne yenye unyevu uleule, densiti ileile, mfinyanzi uleule. Ukigawa kiholela, mitatu inaingia kwenye mafunzo na mmoja kwenye mtihani. Modeli inajibu vizuri kwa sababu udongo huo imekwisha kuuona.

Tumieni GroupKFold ya scikit-learn, inayogawa data kwa makundi mazima, na kundi liwe eneo lote, si bloku wala shimo. Kisha fanyeni LeaveOneGroupOut: ondoeni eneo moja zima, fundisheni kwa yaliyobaki, tabirini lile lililoondolewa. R² itashuka. Hiyo iliyoshuka ndiyo inayohusu kiwanja kipya cha Annexe ambacho hakuna aliyewahi kukipima.

Pamoja na R², toeni wastani wa kosa kwa pointi za asilimia, na hesabu moja ambayo mimi naiweka mbele ya zote: ni sampuli ngapi zilididimia zaidi ya 5% huku modeli ikisema chini ya 2%. Hizo ndizo kuta zitakazopasuka.

Sasa SHAP. Densiti kavu na uwiano wa matundu si vitu viwili. Uwiano wa matundu, e = Gs ÷ densiti kavu − 1, ambapo Gs ni uzito wa punje ukilinganishwa na maji na densiti ni kwa g/cm³. Chukua densiti ya 1,35 na Gs ya 2,65: e ni 0,96. Kama Gs haikupimwa na kila mtu kaandika 2,65, basi safuwima ya e ni densiti iliyovaa nguo nyingine. SHAP inagawa sifa kati ya safuwima zinazofanana, kwa hiyo kila moja inaonekana ndogo na unyevu unapanda juu bila ushindani. Toeni e, bakini na densiti, chora upya. Mchanga, silti na mfinyanzi nazo zinajumlika kuwa 100 pale ambapo hakuna changarawe, kwa hiyo moja kati ya hizo tatu nayo itoke.

#3 Mama_Labo

Kabla ya modeli, naomba tuzungumze juu ya safuwima ya mwisho, ile ya asilimia ya kudidimia. Hapo ndipo watu huchanganya vitu visivyofanana.

Njia ya kawaida, ile ya Jennings na Knight, ni hivi. Pete ya edometa (kifaa cha kubana udongo na kupima unavyoshuka) yenye kimo cha mm 20, udongo ukiwa na unyevu wake asilia. Mawe yenye vinyweleo yawe makavu, maana yakiwa na maji udongo unaanza kunywa kabla ya saa yake. Msiweke karatasi ya chujio, nayo hubonyea na kuongeza namba. Funikeni seli kwa plastiki isikauke. Uzito wa kwanza 5 kPa, kisha 12, 25, 50, 100, 200, kila hatua saa moja. Ukifika 200, unaingiza maji kutoka chini ili hewa itoke juu, unasoma kipimo kwa saa 24.

Mfano: kimo cha mwanzo 20,00, kabla ya maji 19,42, baada ya maji 18,20. Umeshuka mm 1,22. Ukigawa kwa 20,00 unapata 6,1%. Ukigawa kwa 19,42 unapata 6,3%. Makala hazifanani juu ya hili, na nyingine hazisemi kabisa. Rudini kwenye vimo vyenyewe, muhesabu upya kwa kanuni moja. Makala isiyotoa vimo, iwekeni alama.

Halafu maneno ya viwango. 6,1% kwa Jennings na Knight (1975) iko kwenye kundi la 5 hadi 10, "shida". Kwa kiwango cha Marekani cha ASTM D5333, kilichoondolewa 2012 ila makala nyingi zimekitumia, iliingia kundi la 6,1 hadi 10, "kali kiasi". Lakini 5,5% ni "shida" kwa wa kwanza na "wastani" tu kwa wa pili. Msifundishe modeli kwa majina ya makundi. Fundisheni kwa asilimia, makundi yaje mwishoni.

Jambo la tatu ni namna sampuli ilivyochukuliwa. Udongo wa aina hii ni mlegevu. Bomba la kuchukulia sampuli likigongwa chini linaubana, densiti inapanda, na kudidimia kunapungua kabla haujafika labo. Bloku iliyochongwa kwa mkono shimoni, sentimita 25 hadi 30 kila upande, ikafungwa plastiki na kupakwa nta ya parafini, ndiyo inayoaminika. Wekeni safuwima ya "bloku au bomba". Mtashangaa itakavyopanda kwenye mchoro wa umuhimu.

#4 Likasi_Jiolojia

Naunga mkono Mama Labo, na ninaongeza habari ya udongo wenyewe, kwa sababu lesi ya China na udongo mwekundu wa Lubumbashi ni viumbe viwili.

Lesi imeletwa na upepo, punje za silti zimeshikana kwa mfinyanzi kidogo na chokaa. Wa kwetu umezaliwa palepale kwa mwamba kuoza. Mvua ya miaka mingi imeosha silika na madini mengine, matundu yakabaki, na punje zikashikwa na oksaidi za chuma. Aina zote mbili zina matundu mengi na gundi inayoshindwa na maji, ila gundi si ileile. Hiyo inaweza kuwa sababu mojawapo ya mfinyanzi kuwa mkiani kwenye mchoro wenu, na nyingine ni namna unavyopimwa.

Ona kinachotokea labo. Chuma hufunga chembe za mfinyanzi kuwa vidonge. Ukipima ukubwa wa punje bila sodiamu heksametafosfeti, dawa ya kuachanisha chembe, au ukiiweka bila kukoroga vya kutosha, vidonge hivyo vinahesabiwa kuwa silti. Udongo uleule, labo mbili, mfinyanzi 18% huku na 40% kule. Ukiukausha kwenye tanuri la digrii 105 kabla ya vipimo vya Atterberg (vile vya kikomo cha umajimaji na plastisiti), vidonge vinakaza zaidi na plastisiti inashuka. Kwa udongo wetu sampuli ya Atterberg ianikwe hewani, au ipimwe kutoka kwenye unyevu wake asilia. Modeli haiwezi kujua hayo kama hakuna safuwima inayosema jinsi sampuli ilivyokaushwa.

Na Gs ipimwe. Kwazi ni 2,65, lakini goethaiti ni kama 4,3 na hematiti inapita 5. Udongo wenye chuma kingi unaweza kuwa na 2,80: kwa densiti ya 1,35, e inatoka 0,96 kwenda 1,07. Si tofauti ya kupuuza.

Kitu cha mwisho ambacho makala za nje hazina: vichuguu. Kuzunguka Lubumbashi vichuguu vya Macrotermes falciger ni vilima vizima, na udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko wa pembeni, mara nyingi na chokaa pia, ingawa udongo wa pembeni ni wa asidi. Vingi vimesawazishwa au kuchimbwa kwa matofali, na nyumba zinakaa nusu juu ya kichuguu cha zamani, nusu nje. Hiyo nusu ya nje ikididimia na ya kichuguu ikabaki, ukuta unapasuka hata kama wastani wa kiwanja ni mzuri. Wekeni safuwima: ndani ya kichuguu, ukingoni, nje. Na msichukue sampuli moja kwa kiwanja.

#5 Bulongo_Mwekundu

Aksanti sana wakubwa. Tumetoa e na kugawa kwa eneo, na unyevu bado uko juu. Sampuli za hapa nyingine zilichukuliwa Februari, nyingine Septemba na Oktoba. Je, hilo linaharibu?

Pia kuna kitu cha ajabu: kwenye EBM ya majaribio (modeli inayosomeka yenyewe, inayojumlisha mkunjo mmoja kwa kila safuwima), mkunjo wa kikomo cha umajimaji unaruka juu sana kwenye sifuri, halafu unashuka mara moja.

#6 Kasapa_Data

Naanza na sifuri, kwa sababu ni mfano mzuri wa faida ya modeli inayosomeka. Mchanga usio na plastisiti, kama ule wa Kalahari unaofunika nyanda za juu za Biano na Kundelungu, hauna kikomo cha umajimaji. Labo inaandika "NP", mtu akiingiza kwenye kompyuta anaweka 0. Modeli inaona udongo wenye kikomo cha 0 ukididimia sana na inachora mnara hapo. Mnara huo hausemi lolote juu ya umajimaji, unasema "huu ni mchanga". Acheni seli tupu, wekeni safuwima ya pili "NP ndiyo/hapana", na EBM itaipa thamani yake yenyewe. Kwenye mchoro wa nukta wa SHAP mngeona nukta chache za bluu upande wa kulia na kupita.

Angalieni pia koma. Excel ya Kifaransa inahifadhi 1,35 na kutenganisha safuwima kwa nukta-mkato. Mkisoma faili kwa pandas ya Python bila sep=';' na decimal=',' densiti inaingia kama maandishi, na baadhi ya programu zinaigeuza kuwa kundi bila kulalamika.

Sasa unyevu. Ndiyo, majira yanaharibu, na hapa naomba tusiende haraka. Udongo mkavu unashikwa na mvuto wa maji kidogo yaliyobaki kwenye maungio ya punje. Maji yakiingia, mvuto unakufa, punje zinateleza. Kwa hiyo fizikia inakubali: unyevu mdogo, kudidimia kukubwa. Lakini hapa mvua inaanza kushika Oktoba-Novemba, inaisha Aprili, kisha kuna kiangazi kirefu. Bloku ya Februari yenye unyevu wa 18% inatoa labda 1%. Udongo uleule Oktoba, kwenye 7%, unaweza kutoa mara kadhaa zaidi chini ya uzito uleule. Modeli ikiambiwa 18% inajibu "salama", na jibu ni sahihi kwa siku ile ya Februari tu. Nyumba inajengwa Agosti, bomba linapasuka Oktoba.

Fanyeni mambo mawili. Andikeni mwezi wa sampuli kwenye jedwali kwa ukaguzi, ila msiuingize kwenye modeli. Na wakati wa kutabiri, msiingize unyevu wa siku ya sampuli. Ingizeni unyevu wa chini kabisa unaotarajiwa mwishoni mwa kiangazi kwa kina hicho, na unyevu wa sasa kama hesabu ya pili. Ripoti itoe zote mbili.

Mama Labo atasahihisha: bloku ya Februari inaweza kukaushwa hadi unyevu wa Oktoba ndani ya pete?

#7 Mama_Labo

Inaweza, polepole, kwenye hewa ya chumba, ukipima uzito hadi ufike lengo, kisha ufunge plastiki siku moja au mbili unyevu ulingane ndani na nje. Tanuri hapana, kwa sababu aliyosema Likasi. Ukiona udongo umeachana na ukingo wa pete, kipimo hicho kitupwe.

#8 Mizani_Katuba

Mimi sikubaliani kwamba lazima waache XGBoost. Tatizo ni kuiachia huru kabisa. Tumieni monotone_constraints, inayofunga mwelekeo (−1 ni kushusha jibu tu, +1 kupandisha tu, 0 huru): densiti kavu −1, unyevu −1, vingine 0. Hapo modeli haiwezi kusema udongo mlegevu zaidi ni salama zaidi eti kwa sababu ya mistari mitatu ya ajabu.

Ila mgandamizo msiufunge. Wengi wanaweka +1 wakidhani uzito mkubwa daima unaongeza kudidimia. Kudidimia kwa maji kunapanda na mgandamizo hadi kilele, kisha kunashuka, kwa sababu uzito mkubwa umekwisha kuvunja matundu udongo ukiwa bado mkavu. Ukifunga +1 unafuta kilele hicho.

Juu ya SHAP, someni sampuli moja moja, si mchoro wa jumla peke yake. Mfano wa kubuni: thamani ya msingi 4,2; densiti +2,1; unyevu +1,6; mgandamizo +0,4; mfinyanzi −0,9. Jumla 7,4%. Injenia anaweza kuuliza juu ya kila mstari. Lakini ile 4,2 ni wastani wa data mliyoipa SHAP iwe ya msingi. Mkiipa lesi ya China, mnamwambia mteja wa Ruashi kwamba kiwanja chake ni kibaya kuliko wastani wa China. Ipeni sampuli za Katanga.

#9 Kasapa_Data

Yaya, kufunga mwelekeo nakubali kabisa, na EBM ya maktaba ya InterpretML nayo inakubali monotone_constraints. Tunapotofautiana ni hapa: SHAP ni maelezo yaliyotengenezwa baada ya modeli, wakati mikunjo ya EBM ndiyo modeli yenyewe. Mkunjo ukikosea, unaona palepale unapokosea. Kwa jedwali dogo tofauti ya usahihi kati ya hizo mbili mara nyingi haionekani ukigawa kwa eneo. Wajaribu zote, na kama XGBoost haishindi wazi, wachague inayosomeka.

Mipangilio ya kuanzia kwa sampuli mia mbili hivi: max_bins 32, interactions 3, min_samples_leaf 8, outer_bags 16. Ukiacha bins (vipande vya mkunjo) nyingi, mkunjo unakuwa meno ya msumeno. Kati ya miingiliano, yaani safuwima mbili zinazofanya kazi pamoja, natarajia densiti na unyevu vijitokeze. Ukija mwingiliano wa kina na silti, tafuteni eneo moja lililotoa mistari mingi.

#10 Fundi_Ruashi

Samahani wakubwa. Kwenye shantie ndogo hakuna edometa wala kompyuta. Kuna njia ya kujua kabla ya kumwaga betoni?

#11 Mama_Labo

Iko, Fundi, ni jaribio la soseji. Chonga kipande kigumu cha udongo usiovurugwa, umbo la soseji ya kushika mkononi. Kivunje katikati, chonga vipande viwe na urefu na unene sawa. Kimoja kiache. Kingine kilowanishe, ukikande, ukiumbe tena kwa unene uleule. Kikitoka kifupi waziwazi kuliko mwenzake, udongo una matundu ya kudidimia. Njia nyingine: chimba shimo, rudisha udongo wote. Usipolijaza shimo, onyo ni lilelile.

Hayo yanaonya tu, hayatoi asilimia. Kama una densiti kavu na kikomo cha umajimaji, kuna kipimo cha Gibbs na Bara cha 1962. Densiti 1,35, Gs 2,65: matundu yote yakijaa maji, unyevu ni 36%. Kikomo cha umajimaji kikiwa 28%, udongo una nafasi ya kubeba maji kupita kiwango cha kuwa uji. Shuku.

#12 Kasapa_Data

Na hicho kiwe mshindani wa modeli yenu, Bulongo. Ongezeni safuwima moja: unyevu wa kujaa toa kikomo cha umajimaji. Chora mti wa maamuzi wa matawi matatu juu ya hiyo na unyevu. Kama EBM haiushindi mti huo kwenye maeneo yaliyofichwa, basi tumieni mti, utaenea kwenye nusu ukurasa.

Toeni pia upana wa jibu. Wekeni kando sampuli 40 ambazo modeli haikuziona, zitoke maeneo ambayo hayapo kwenye mafunzo. Pangeni makosa yake kamili kutoka dogo hadi kubwa. Kwa uhakika wa 90% chukueni la 37, kwa sababu 41 × 0,9 ni 36,9. Tuseme ni 2,8: basi 7,4% inaandikwa 4,6 hadi 10,2. Upana huo una maana pale tu ambapo kiwanja kipya kinafanana na hizo 40, na kwa Katanga yenye mistari michache utakuwa mpana. Uacheni mpana. Kiwanja chenye densiti au unyevu nje ya mipaka ya jedwali, programu ikatae kujibu na iombe bloku ipelekwe labo.

#13 Mizani_Katuba

Nyongeza: 7,4% ni ya 200 kPa. Msingi wa nyumba ya ghorofa moja mara nyingi uko chini ya 100, na uzito hupungua ukienda chini. Msizidishe 7,4% kwa mita mbili za udongo mkamwambia mtu nyumba itashuka sentimita 15. Gaweni kina katika tabaka za sentimita 50, kila tabaka na mgandamizo wake, tabirini, kisha jumlisheni.

#14 Likasi_Jiolojia

Na kwenye fomu ya kiwanja ongezeni umbali wa maji: fosi septiki, shimo la maji machafu, bomba, maji ya bati yanapoangukia. Hayaingii kwenye modeli ya asilimia, kwa sababu edometa inalowanisha udongo wote. Yanaonyesha ni kona gani ya nyumba itakayolowa kwanza, na bloku ya kupima ichongwe kwenye kona hiyo.

#15 Bulongo_Mwekundu

Tumeelewa. Kazi inaanza kwenye vimo vya edometa: makala zisizotoa vimo zinatengwa, na mistari ya Katanga inapata safuwima za kichuguu, bloku au bomba, na namna ya kukausha. EBM na mti wa Gibbs na Bara vitashindanishwa kwa maeneo yaliyofichwa. Jedwali tupu lenye safuwima mpya nitaliweka hapa ili labo nyingine zijaze kwa mpangilio mmoja.